Kilomita za Mkunga

Nisikilizeni vizuri, maana hapa bandarini kila mtu anaieleza habari hii anavyotaka. Wapo wanaosema mkunga alimzaba afisa kofi. Uongo mtupu. Alimpiga juu ya kiganja, kwa vidole viwili, kama unavyompiga mtoto anayedokoa sufuriani. Mimi nilikuwepo, nimesimama hatua moja tu nyuma yake, na roho ilikuwa mkononi.

Mimi ni wakala wa forodha. Mtu akileta mzigo au gari kutoka nje, mimi ndiye ninayezunguka na karatasi zake dirisha hadi dirisha mpaka mali itoke. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mitatu. Wenzangu wananiita Dada Mihuri, kwa sababu kwangu karatasi isiyogongwa mhuri haijazaliwa. Naijua kila ofisi pale, kila kiti kibovu, kila afisa na saa anayokuwa na hasira. Na siri ya kazi yetu naisema waziwazi: ni kuinamisha kichwa. Unasema "ndiyo mheshimiwa," unasema "naomba radhi mheshimiwa," jioni unarudi nyumbani unakula. Nilijiona mjanja kweli.

Mkunga aliingia ofisini kwangu Jumatatu asubuhi, kabla hata sijaweka mkoba chini. Mwanamke wa makamo, mfupi, mikono mikubwa, miguuni viatu vyeupe vya mpira, kikapu kimejaa madaftari. Kiswahili alikuja nacho. Lafudhi tu ndiyo ilikuwa ya kwao.

"Habari ya kazi, dada. Wewe ndiye unayetoa magari?"

"Ninatoa. Karibu ukae."

"Langu limefungiwa yadini siku themanini na moja. Zimebaki tisa."

Nikajua huyu mtu hana muda wa maneno matamu. Alikuwa ameajiriwa na zahanati moja ya uzazi pembezoni mwa mji, mkataba wa miaka mitatu, na kibali cha kuishi nchini kilining'inia kwenye mkataba huo. Zahanati haina gari. Walimchukua yeye kwa sababu alisema atakuja na lake, maana akina mama wa huko wanakaa mbali na barabara zenyewe ni za kuomba Mungu. Sasa walikuwa wamempa mpaka mwisho wa mwezi: gari, au arudi kwao.

Sheria yetu haina ugumu. Mgeni mkazi anaruhusiwa kuingiza gari moja lililotumika, lenye namba za kwao, bila kulipa ushuru, ili mradi awe amelimiliki na kulitumia huko alikotoka miezi kumi na miwili au zaidi. Maombi yanakamilishwa ndani ya siku tisini. Zikipita, anatozwa ushuru wote, ambao kwa gari lake ungeweza kununua gari jingine, au linapigwa mnada.

"Kadi ya gari inaonyesha umelimiliki miezi mingapi?" nikamuuliza.

"Mitano."

"Na ukweli wenyewe?"

"Miaka tisa."

"Kadi ya zamani iko wapi?"

"Niliichemsha."

Nikaweka kalamu mezani. Akanieleza bila aibu yoyote. Kila baada ya kuzalisha, aproni yake inachemshwa dakika ishirini pamoja na vifaa. Siku moja kadi ya gari ilisahaulika mfukoni. Ikaiva barabara, ikatoka imekuwa pamba. Akaomba nyingine, na karani wa kwao akaandika tarehe ya kuitoa kadi tu, bila tarehe ya umiliki wa kwanza. Alikuwa ameshawaandikia wamthibitishie. Walimjibu: wiki sita.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mkunga akanitazama mpaka nikanyamaza.

Alasiri hiyo nikampeleka kwa afisa wa misamaha ya ushuru. Sisi tunamwita Bwana Kesho. Ni mtu safi, kola imepigwa pasi, meza haina hata vumbi, na neno lake kubwa ni hilo. Aliitazama kadi kwa muda wa kumeza mate.

"Mama, miezi mitano."

"Ni kadi mpya ya gari la zamani, bwana."

"Mimi nasoma kadi. Sisomi uso wa mtu."

"Basi soma na haya." Mkunga akaweka daftari moja mezani, mkono juu yake. "Kila nilipotoka kwenda kuzalisha niliandika. Tarehe, saa, kilomita zilizo kwenye mita ya gari nikitoka, na tena nikirudi. Namba ya gari iko juu ya kila ukurasa."

Bwana Kesho akanyoosha mkono. Mkunga hakuachia daftari.

"Yana majina ya wagonjwa. Nitayafunika kwanza."

"Mama, hapa serikali haifichwi kitu."

"Waliozaa kwangu hawakuzaa kwa serikali."

Nikamkanyaga mguu. Sijui kwa nini nilihangaika. Viatu vyake vilikuwa vigumu kuliko vyangu. Bwana Kesho akasema turudi kesho.

Tulipotoka nikampa ushauri wa bure, na leo nausema mbele yenu ingawa unaniaibisha. Nilimwambia kuna kijana fulani nyuma ya soko, mashine yake inachapa kadi za nchi yoyote. Tarehe unachagua mwenyewe. Saa moja tu, mambo yameisha.

Akasimama palepale, katikati ya malori.

"Dada, nikuambie kitu. Mwaka wangu wa tatu kazini mama mmoja alinifia njiani. Gari la wagonjwa lilichelewa, tukampakia kwenye mkokoteni. Wakubwa wakakaa kikao, wakaandika kwamba hospitali ilikuwa kilomita tisa tu, kwa hiyo mkunga alizembea. Zilikuwa thelathini na moja. Nilizijua kwa miguu yangu, ila sikuwa nimeziandika popote. Mume wa marehemu alikaa pale akinisikia naitwa mzembe. Ndiyo nikanunua gari. Ndiyo nikaanza kuandika. Sasa wewe unataka niandike uongo ili nilipate gari hilohilo?"

Habari za yule kijana nikazimeza.

Siku mbili zilizofuata aligeuza ofisi yangu kuwa wodi. Alichukua madaftari ya miaka miwili ya mwisho, uzazi mia moja arobaini na tatu, akanunua plasta ya vidonda, ile ya rangi ya maziwa, roli nne. Kila jina likafunikwa kipande chake. Mimi nilipewa mkasi nikate.

"Geuza kiti," akaniambia.

"Nini?"

"Geuza kiti utazame ukuta. Na wewe hupaswi kuyaona."

Niliudhika. Nani asiyeudhika kuamriwa ageuke ofisini kwake, kwenye kiti alichokinunua mwenyewe? Lakini nikageuza. Nilikaa nikitazama kalenda ya mwaka juzi, nakata plasta, nampitishia kwa nyuma. Mara mojamoja nilimsikia akicheka peke yake, au akisema "huyu sasa anasoma shule," na mara moja alikaa kimya muda mrefu sana kabla ya kuomba kipande kinachofuata. Sikuuliza.

Tukarudi kwa Bwana Kesho. Akatupa kesho mbili, kisha Jumamosi na Jumapili zikapita, kisha kesho nyingine. Hatimaye, siku ya themanini na tisa, akakubali kukaa na madaftari. Alifunua kurasa taratibu, na nikaona kabisa kwamba anasoma, kwamba yale mambo yanamwingia. Saa nane mchana, kilomita hizi, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Saa kumi alfajiri, kilomita hizi, mapacha. Halafu nikaona ukucha wake unaanza kubandua pembe ya plasta.

"Jina moja tu, mama. Nipige simu nihakikishe."

Hapo ndipo vidole viwili vilipotua juu ya kiganja chake. Pa!

Karani wa meza ya pili akaacha mhuri hewani. Mimi nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima wa mkunga, hai na marehemu.

"Usiniombee radhi," mkunga akanikata. Akamgeukia afisa. "Bwana, hakuna jina utakalolipata humu. Ukitaka nifukuze nchini, nifukuze. Lakini hesabu hazihitaji jina la mtu. Tazama mstari wa mwisho. Niliporudi nyumbani mara ya mwisho mita ilisoma 287,414. Kutoka kwangu hadi bandari ya kwetu ni sitini na moja. Meli haiendeshi gari. Twende yadini ukasome mita. Ikiwa haipo pale inapotakiwa kuwa, madaftari yangu ni ya uongo na mimi ni mwongo, na gari chukueni."

Mtu haweki gari lake dau mbele ya Bwana Kesho! Naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Twende," akasema. "Leo leo."

Gari lilikuwa kwenye mstari wa nyuma, steshen wagon ya kijani iliyochujuka, namba za kigeni, kiti cha nyuma kimeng'olewa pakawekwa godoro jembamba lililofunikwa plastiki. Darini palikuwa na ndoano ya kuning'inizia dripu. Msimamizi wa yadi, mtu mnene mwenye tungo la funguo kiunoni, alikuja mbio akituambia angeliosha kwanza, lina vumbi. Bwana Kesho akamwambia afungue tu.

Mkunga akachungulia ndani, akakunja uso. Akaokota kitu kwenye godoro lake. Unyoya wa kuku. Akaokota mwingine.

Bwana Kesho alikuwa ameshawasha swichi, anasoma mita kwa sauti: "Laki mbili, themanini na saba elfu, mia tisa na nane."

Nikapiga hesabu kichwani. Ilitakiwa iwe mia nne na sabini na kitu. Zilikuwa zimezidi zaidi ya mia nne.

"Basi," Bwana Kesho akasema, akaushusha mkono kwenye paa la gari. "Mwongo ni nani sasa, mama?"

Mkunga alikuwa anautazama ule unyoya. Niliona midomo yake inacheza, anahesabu upya, anajitilia shaka mwenyewe, mwanamke yule ambaye hakuwahi kuandika kilomita moja ya uongo. Hilo ndilo lililonichoma. Kama angelia nisingeumia hivyo.

Ndipo nikakumbuka makaratasi yangu. Gari linapoingia yadini, hujazwa hati ya makabidhiano: mikwaruzo, jeki, tairi la akiba. Chini kabisa kuna kisanduku kidogo cha kilomita. Miaka ishirini na mitatu nimezipokea nakala za hati hizo na kuzitia kwenye faili, na kile kisanduku sikuwahi kukisoma hata siku moja. Hakuna wakala anayekisoma. Nikafungua faili palepale juu ya boneti. Nakala ya kaboni, wino wa bluu, saini ya msimamizi mwenyewe.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "gari hili lilipokelewa hapa na kilomita 287,477."

Mia nne kumi na nne, ongeza sitini na moja. Mia nne sabini na tano. Mbili za kupanda na kushuka melini. Mkunga hakuwa amekosea hata shubiri.

Tukageuka sote kumtazama msimamizi wa yadi. Jasho lilikuwa limeshamfika shingoni.

"Kilomita mia nne thelathini na moja," mkunga akasema polepole. "Gari langu limefungwa kwa kufuli lako, na limetembea kilomita mia nne thelathini na moja. Umebeba kuku kwenye godoro la wazazi."

"Mama, labda mita imeharibika..."

"Na mita ilitaga manyoya?"

Mawakala wengine walikuwa wamesogea. Yadini habari haihitaji kipaza sauti. Walikuwa kama kumi na watano, kila mmoja na faili kwapani, na nikaona mmoja anafungua lake kimyakimya, anatafuta kile kisanduku.

Bwana Kesho hakuwa mpumbavu. Akatuvuta pembeni, mimi na mkunga, akatoa fomu ya msamaha mfukoni mwa koti. Ilikuwa imejazwa yote, inasubiri saini.

"Mama, umeshinda. Madaftari yako nayakubali. Gari utaondoka nalo leo. Jambo dogo tu: hati ya kutoka tuandike limetoka kama lilivyoingia. Mia nne sabini na saba. Haya ya kuku tuyamalize kama watu wazima." Akanigeukia mimi. "Dada Mihuri, wewe ndiye wa kusaini kutoka. Saini, nami nisaini."

Saa ilikuwa kumi kasorobo. Ofisi zinafungwa saa kumi. Kesho yake, siku ya tisini, ilikuwa sikukuu ya taifa. Hakuna atakayegonga mhuri. Mkunga alilijua hilo, nilimwambia mwenyewe asubuhi.

Nilimnong'oneza: "Chukua, mama. Gari si unalipata? Hizo kilomita zitakusaidia nini?"

"Walisema tisa," akajibu. "Zilikuwa thelathini na moja."

Hakuniomba. Kalamu ilikuwa yangu, leseni yangu, watoto wangu ndio wanaokula kwa ile kalamu, na yeye alilijua hilo, akanyamaza. Ningeweza kumchukia kwa ule ukimya. Nilitazama kile kisanduku. Nikafikiria magari mangapi nimeyatoa pale nikiandika "kama lilivyoingia" bila hata kuyatazama, mheshimiwa huku, radhi kule, kichwa chini mpaka shingo ikazoea. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Kwa nani, sijui. Kwangu, nadhani.

Nikaandika: LILIPOKELEWA 287,477. LINATOKA 287,908. Kwa herufi kubwa, mpaka kaboni ikatoboka. Nikasaini. Nikamnyooshea Bwana Kesho kalamu yangu mwenyewe.

"Sasa wewe, bwana," nikasema. Si mheshimiwa. Bwana.

Alinitazama kana kwamba kiti chake kimesema. Akawatazama mawakala kumi na watano, faili wazi mikononi. Mmoja wao akasema kwa upole kabisa, "Saini bwana, muda unakwenda, na sisi tuna za kwetu za kukuuliza." Bwana Kesho akasaini juu ya boneti ya kijani saa kumi kasoro dakika nne. Mhuri niliufuata mwenyewe mbio, kwa miguu hii mnayoiona.

Msidhani nilipewa nishani. Mafaili yangu yalilala chini ya rundo miezi mitatu. Wateja wawili wakanikimbia. Msimamizi wa yadi alihamishwa, na nasikia ni kwenye yadi kubwa zaidi, wala sishangai. Nami sijajuta. Nikipita pale sasa natembea shingo wima, na mawakala wote siku hizi wanasoma kile kisanduku kabla ya kusaini chochote.

Mwezi uliopita binti yangu alishikwa na uchungu, saa nne asubuhi, nyumbani kwake huko ng'ambo ya machimbo ya mawe. Nilimpigia mkunga. Alinipitia, nikapanda mbele. Kabla ya kuondoa gari akaandika. Tulipofika akaandika tena. Kwenye ramani ya zahanati safari ile ni kilomita kumi na mbili. Daftari likasema ishirini na saba.

Mjukuu alitoka saa saba, kilo tatu na nusu, na makelele ya wakala. Mkunga alinawa mikono, akafungua daftari gotini, akaanza kujaza mstari wetu. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nimempakata mtoto, na macho yakanitoroka, yakapanda kwenye mstari wa juu yetu. Nilisikia kuna mtu wa mtaani kwetu aliyejifungua kwa siri, na mimi ni binadamu.

Kiganja kile kikubwa kikatua juu ya ukurasa.

"Geuza kiti," mkunga akasema.

Nikakigeuza, mimi na mjukuu wangu, tukakaa tunatazama ukuta.